Uvimbe Mgongoni, Bima Hakuna

Mgonjwa asiye na bima huja kwangu ameshika bahasha za kaki za duka la dawa. Huzimwaga mezani kabla sijamuuliza hata jina: vidonge vya rangi mbili vilivyobaki vichache, vidonge vya maumivu, mrija wa dawa ya kupaka uliokunjwa mpaka shingoni. Kisha huvua shati au kuteremsha kanga begani, nami nauona uvimbe umetuna, ngozi inang'aa, ukiusogelea kwa kiganja unasikia joto lake. Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi katika chumba cha vidonda na upasuaji mdogo kwenye kituo cha afya cha serikali, upande wa Temeke, Dar es Salaam. Usaha nimeshauzoea. Kinachoniuma hadi leo ni kuona kwamba ile hela iliyoishia kwenye bahasha ingetosha kumtibu mtu huyu, ila imefika kwangu ikiwa imekwisha.

Nazungumzia hela kwa sababu ndiyo inayoamua. Mtumishi wa umma ana kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mfuko ulioanza kazi mwaka 2001, na makato yake hutoka kwenye mshahara hata kabla hajaushika. Mama lishe, fundi wa kuchomelea, dereva wa bodaboda na mbeba mizigo hawana wa kuwakata. Mmoja wao akipata uvimbe anapiga hesabu: nauli, kumwona daktari, vipimo, dawa, na kibarua kitakacholala siku hiyo. Dirisha la malipo analiogopa kuliko wembe. Duka la dawa liko hatua chache kutoka kwake, halina foleni, na muuzaji hakatai kumgawia nusu dozi. Namwelewa kabisa. Ndiyo maana naandika, ili hiyo hela kidogo ifike inapotakiwa.

Uvimbe ninaousemea ni ule wa kifuko, ambao daktari ataandika kwenye daftari lako kuwa ni sisti. Watu wengi huuita jipu, lakini jipu la kawaida huanza kwenye shina la unywele na kuiva ndani ya siku chache, ilhali kifuko hiki kinaweza kukaa na mtu miaka bila kumsumbua. Huanza pale chembe za ngozi ya juu zinapozama chini, mara nyingi kwenye kitundu cha unywele kilichoziba au mahali palipowahi kuumia. Ngozi ya juu hujimenya kila siku, nasi tunaiondoa kwa kuoga bila hata kujua. Hiyo iliyozama nayo huendelea kujimenya, ila taka zake hazina pa kutokea. Zinajilundika ndani na kuwa uji mzito, mweupe, wenye harufu kali. Si mafuta wala si damu chafu, na hakuna mtu aliyekutupia kitu. Ukitazama vizuri, mara nyingi utaona kidoa cheusi katikati. Hapo ndipo kitundu cha kifuko kinapotokea juu ya ngozi. Ukikisukuma kwa kidole kinateleza taratibu. Hupenda uso, shingo, nyuma ya sikio, kifua na mgongo, na wanaume wengine hukipata kwenye ngozi ya korodani.

Kuna ndugu yake anayekaa kichwani, chini ya nywele, na huyo hutembea katika ukoo. Nimemhudumia dada mmoja mwenye vitatu. Mama yake anavyo, na dada yake mkubwa anavyo. Havikuwa vikimuuma. Vilimkera saluni tu, chanuo la msusi lilipopita juu yake.

Kifuko kilichotulia hakina haraka. Kugeuka kansa ni nadra sana, na mtu anaweza kuzeeka nacho bila kukigusa. Balaa huanza kinapobanwa, kinaposuguliwa au kinapokamuliwa.

Kijana mmoja, mbeba mizigo wa soko la Tandika, alikuwa nacho juu ya bega la kulia, palepale gunia linapokalia. Kwa miaka mingi hakikuzidi ncha ya kidole. Msimu wa viazi ukafika, magunia ya lumbesa yakakisaga kutwa nzima, ukuta wake ukapasukia ndani. Ule uji mweupe ukimwagika kwenye nyama, mwili huuona kuwa ni kitu kigeni na kuushambulia kwa nguvu zake zote. Panavimba, panapata moto, shati likigusa tu mtu anaruka. Mara nyingi yote haya hutokea hata kabla vijidudu havijaingia.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Kimeanza kukuuma lini?"

"Wiki iliyopita. Nimeshamaliza dozi mbili." Akazitoa bahasha zake. "Walinipa amoksilini, haikushika, wakanibadilishia sipro, halafu wakanichoma sindano za kukausha."

Nikamuuliza zimemgharimu kiasi gani. Akahesabu kwa vidole: elfu nane, elfu kumi na mbili, halafu sindano tatu za elfu tano tano. Jumla elfu thelathini na tano. "Hospitali niliogopa, sista. Nilijua wataniambia laki."

Siwashambulii wauza dawa. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamewaokoa watu wengi wanaokaa mbali na hospitali, na mimi mwenyewe huwatuma wagonjwa wangu wakanunue gozi huko. Lakini muuzaji haruhusiwi kupasua, kwa hiyo hukupa kilichopo kwenye rafu. Na kilichopo kwenye rafu hakiwezi kumaliza kazi hii. Dawa unayomeza husafiri na damu, na katikati ya dimbwi la usaha hakuna mishipa ya damu ya kuifikisha. Usaha uliokusanyika dawa yake ni kutolewa. Antibayotiki ina nafasi yake: homa ikipanda, ngozi ya pembeni ikianza kuvimba na kuuma huku eneo likizidi kupanuka, mgonjwa akiwa na kisukari au kinga yake ikiwa imeshuka. Hapo tabibu ataiandika, na lazima imalizwe. Kumeza nusu dozi ya hii na nusu dozi ya ile huwafundisha vijidudu ujanja, na siku utakapoihitaji dawa hiyo kwa ugonjwa mkubwa, haitakusikia.

Kabla ya usaha kukusanyika, uvimbe ukiwa umeanza tu kuuma, zipo siku mbili tatu za kujitunza nyumbani ambazo hazili hela. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka mkono uyavumilie, chovya kitambaa safi, kamua, ukandie dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Joto huleta damu mahali pale, na maumivu hupungua. Kuna vifuko vitakavyonywea hivyo hivyo, na vingine vitajifungua vyenyewe. Panadoli inasaidia: mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mwenye matatizo ya ini aulize kwanza. Badili namna ya kulala, badili bega, fungua kola. Na usikamue. Narudia kwa sababu kila nyumba ina mtu mmoja mwenye vidole vigumu anayejiona fundi wa majipu: usimpe mgongo wako. Anachokisukuma hakitoki nje chote, kingine kinaingia chini. Sindano ya kushonea, wembe wa kunyolea, dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, maji ya betri: vyote nimeviona, na makovu ya maji ya betri hayafutiki.

Ukikandia na bado unazidi kuuma, na katikati pamelainika ukipabonyeza, sasa twende kituoni. Nataka nieleze kinachofanyika mle ndani, kwa kuwa woga mwingine unatokana na kutojua tu.

Tabibu alimlaza yule kijana kifudifudi, mkono ukining'inia pembeni ya kitanda. Nilisafisha kwa iodini kuanzia katikati kwenda nje, kwa mzunguko. Ganzi yetu ni lignokeini, ileile unayochomwa ukienda kung'oa jino. Penye usaha haikolei vizuri, maana nyama iliyovimba inakuwa na asidi inayoipunguza nguvu. Kwa hiyo tabibu huizungushia pembeni, ambako ngozi bado ni nzima, kisha anangoja. Mgonjwa namwambia ukweli: mchomo wa ganzi utausikia, kisha utasikia tunakubonyeza, na pengine maumivu kidogo. Wembe ulipita juu ya ile sehemu laini, sentimita mbili hivi. Usaha ukatoka wenyewe, nyuma yake ukafuata ule uji mweupe wenye vipande vya utando, na harufu ikajaa chumba kizima. Nilikuwa nimemshika bega. Nilisikia misuli yake ikilegea chini ya glovu zangu, akasema huku uso umezama kwenye shuka, "Sista, mbona imeacha kuuma?"

Maumivu yale makali ni usaha kubanwa mahali padogo. Ukipata pa kutokea, mtu hupata nafuu palepale. Tukaosha kidonda kwa maji ya chumvi yanayosukumwa na bomba la sindano, mpaka yakawa yanatoka safi. Hatukushona. Kidonda cha usaha hujijaza kutoka chini kuja juu. Ukikishona unaufungia usaha ndani. Tukaweka gozi, tukampa tarehe ya kurudi. Kumwona tabibu, ganzi, glovu, gozi na kazi yenyewe, jumla yake haikufikia hela ya zile bahasha. Bei hazilingani kila kituo, na kliniki binafsi zina zao, lakini kupasua na kutoa usaha ni kazi ya nusu saa, haihitaji chumba kikubwa cha upasuaji wala kulazwa.

Kusafisha kidonda nako hula hela mtu asipoelekezwa. Akiwa na mtu msafi nyumbani, mimi humfundisha ndugu yake hapohapo: nawa mikono kwa sabuni, chemsha nusu lita ya maji na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe, osha kidonda, kausha, funika kwa gozi mpya. Hivyo anakuja kwetu mara chache, kwa ukaguzi tu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi huondoka bila kuambiwa. Kutoa usaha hakuondoi kifuko. Ukuta wake, ule utando unaotengeneza uji, umebaki ndani kama soksi iliyosinyaa, na kidonda kikishafunga unaweza kuanza kujaza upya. Mtu hurudi mwakani pale pale, anasema nilipasuliwa vibaya. Hakupasuliwa vibaya. Kilichofanyika ni nusu ya kwanza ya kazi. Nusu ya pili ni kukitoa kifuko chenyewe kizima, na hiyo hufanywa wakati kila kitu kimepoa, kwa kawaida wiki nne hadi sita baada ya uvimbe kutulia. Kukitoa kikiwa na moto ni kupoteza hela: utando umekuwa laini, unakatikakatika, vipande vinabaki, na nyuzi hazishiki kwenye nyama iliyovimba.

Kwa asiye na bima, hizi wiki sita ni neema. Leo unalipia kupunguziwa maumivu tu, hela kidogo. Ya pili unaidunduliza, ukiwa na bei mkononi. Kabla hujaondoka muulize tabibu: kukitoa chote hapa ni kiasi gani, nani anakitoa, na je, nilete glovu na nyuzi mwenyewe? Hakuna ubaya wowote kuuliza bei kabla. Tangu hospitali za serikali zilipoanza kuchangisha wagonjwa mwaka 1993, bei ni jambo la halali kuulizwa dirishani, na malipo halali hutolewa kontroli namba na risiti. Anayekuambia mpe yeye mkononi hakusaidii.

Anza chini. Zahanati ina tabibu anayeweza kukutazama na kukuambia kama kweli ni kifuko; kituo cha afya na hospitali ya wilaya vina chumba cha upasuaji mdogo. Mtu anayekimbilia hospitali kubwa ya rufaa na uvimbe wa bega hulipa zaidi na kungoja zaidi kwa kazi ileile. Kama ngozi yako ina utata, uliza kama wilayani kuna mtaalamu wa ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kilichoanza mwaka 1992 kinachofundisha matabibu kutibu magonjwa ya ngozi, na wahitimu wake wanafanya kazi hospitali mbalimbali za nchi hii na za jirani.

Na kama huna kabisa? Usibaki nyumbani. Hospitali ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii, na msamaha wa matibabu kwa asiyejiweza umo ndani ya sera ya afya. Nenda na barua ya serikali ya mtaa wako, mweleze afisa hali yako bila kuona haya. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wametajwa humo kwa majina ya makundi yao. Nimewaona watu wazima wakilia mlangoni kwangu kwa kukosa hela ya gozi, na mlango wa ustawi wa jamii uko mita chache kutoka pale, hakuna aliyewaonyesha. Hilo ni jukumu letu sisi watumishi, tulibebe.

Mikoani, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF) umekuwa ukichukua shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka mzima. Zilinganishe na zile bahasha za mtu mmoja kwa wiki moja. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na siku ambayo kila mbeba mizigo wa Tandika atakuwa na kadi mfukoni naingojea kwa hamu kubwa.

Yapo mambo ambayo hela ikiwa ndogo kiasi gani hayangoji. Uvimbe unaouma kwenye pua, mdomo wa juu au karibu na jicho usikandiwe siku tatu; mishipa ya hapo ina njia ya kwenda kwenye ubongo. Homa na kutetemeka, au eneo la maumivu linalopanuka kila ukilitazama, njoo siku hiyohiyo. Uvimbe ulio mgumu, usioteleza, unaokua haraka, au uliopita sentimita tano, unahitaji kupimwa. Uvimbe wa titi usiuite kifuko. Uvimbe wa kinena unaotokeza ukikohoa ni ngiri, na anayepasua ngiri kwa wembe anapasua utumbo. Mtoto mwenye kijivimbe katikati ya pua au paji la uso tangu kuzaliwa asiguswe na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari bingwa. Tezi zilizojipanga pembeni mwa shingo kwa wiki kadhaa, na mtu anapungua uzito, inawezekana ni kifua kikuu cha tezi; vipimo na dawa zake serikalini ni bure. Na ndugu zetu wenye ualbino: kidonda au kijivimbe chochote kisichopona kwenye ngozi inayopigwa na jua kionwe mapema, maana kansa ya ngozi kwao si jambo la mbali.

Mtu mwenye majipu yanayorudi, leo kwapani, mwezi ujao pajani, huwa simfungi kidonda nikamwacha aende. Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga alikuja kwetu na kovu juu ya kovu. Tulimtoboa kidole, sukari ikasoma juu mno. Alikuwa akikojoa usiku na kunywa maji mengi, akidhani ni joto la Dar. Kipimo kile cha tone moja la damu ndicho kilichokuwa na thamani kuliko kila kitu alichonunua kabla. Kipimo cha virusi vya Ukimwi nacho ni bure kwenye vituo vya serikali, na humshauri mtu wa namna hiyo akifanye siku hiyohiyo.

Yule kijana wa Tandika alirudi baada ya msimu, bega limepoa, kifuko kimeanza kujaa tena chini ya kovu. Safari hii aliingia na hela ya upatu wao wa wabeba mizigo. Zamu yake ilikuwa imefika. Tabibu alimuuliza kwanza kama makovu yake huwa yanavimba na kukua, kwa sababu bega na kifua ndipo keloidi hupenda kuota, na mwenye historia hiyo anahitaji kufikiri mara mbili kabla ya kukatwa. Hakuwa nayo. Ganzi ilikolea barabara, mkato ukapita pande zote mbili za kile kidoa cheusi kwa umbo la jicho, na kifuko kikatolewa taratibu pamoja na ukuta wake wote. Nilikiweka kwenye chupa yenye formalini kwa ajili ya maabara, naye akaomba akione kwanza.

Nyuzi za mgongoni hukaa siku 10 hadi 14. Nilipomtoa nyuzi alitaka kujua ataanza lini kubeba. Tabibu akamwambia bega la kushoto aanze nalo wiki inayofuata, kwa mizigo midogo; la kulia alipe mwezi, na lumbesa akatae hata baada ya hapo.